Nchi Iliyotaifisha Shaka

Ilikuwepo nchi moja, si mbali sana na hapa tulipo, ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa msemaji wa serikali yake amekwisha kunihakikishia kwamba haipo. Nami ni mtu wa kuamini ninachoambiwa. Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo watu waliishi, wakaoana, wakapanga foleni, na kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa na shaka zake ndogondogo nyumbani kwake, kama mtu anavyofuga kuku wawili watatu uani.

Akaja Mheshimiwa Mlezi wa Yakini, akauona ubadhirifu huo akasikitika. "Ndugu wananchi," alinguruma siku ya sherehe za kujiapisha kwake kwa mara nyingine, "shaka ni rasilimali ya taifa! Hatuwezi kuiacha mikononi mwa watu binafsi wasio na utaalamu, kila mtu anashuku anachotaka, saa anayotaka, bila mpango wala bajeti. Muuza vitumbua naye anashuku! Kuanzia leo Serikali yenu tukufu itashuku kwa niaba yenu. Ninyi mtabaki na kazi moja nyepesi, nayo ni yakini." Wananchi walipiga makofi mazito, maana walikuwa na yakini kwamba askari waliosimama nyuma yao walikuwa wakitazama mikono.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Shaka. Na kila Jumamosi asubuhi watu wa kila mji walikusanyika uwanjani, wakasogea kwenye kipaza sauti mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatamka maneno mawili: "Nina yakini." Yakini ya nini, hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza kulikwisha kuhamishiwa wizarani.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo, ulio kando ya mto mpana, aliishi Mwalimu Kibwana Shegogo. Alifundisha chuoni historia ya fikra, na katika historia hiyo yote aliwapenda zaidi watu wa shaka. Aliwasimulia wanafunzi habari za Myunani wa zamani aliyekataa kusema ndiyo wala siyo juu ya jambo lolote, mpaka rafiki zake wakawa wanamvuta mkono asikanyagwe na mikokoteni. Aliwasimulia habari za mwanachuoni wa Baghdadi, mwenye jina kubwa na darasa lililofurika, aliyefikia siku ya kutoyaamini macho yake wala akili yake, akaliacha darasa akaondoka zake. Aliwasimulia habari za Mfaransa aliyejifungia chumbani karibu na jiko la kuotea moto, akashuku mbingu na ardhi na mikono yake mwenyewe, hadi akabakiwa na shaka yenyewe tu, akaishikilia.

"Mnaona?" alizoea kusema, akigonga meza kwa ncha ya kidole. "Kila watu walipodhani wamefika, alitokea mmoja akauliza: mmejuaje? Fikra zikasogea tena. Hawa hawakubomoa nyumba, walifungua madirisha. Na niwaambie jambo moja: hakuna mtu aliyewahi kuchomwa moto na mwenye shaka. Wachomaji wote walikuwa na hakika."

Nyumbani kwake kulikuwa na desturi ambayo majirani waliiona ya kichaa. Hakuna aliyegusa chakula cha jioni kabla ya kutaja jambo moja aliloliamini asubuhi na ambalo sasa haliamini tena. Mkewe, Bi Mize, alitaja mambo ya kawaida: asubuhi aliamini mkaa utatosha, au shoga yake hana maneno ya pembeni. Binti yao wa pekee, Siwema, aliianza desturi hiyo tangu hajajua kufunga vifungo. "Asubuhi niliamini mwezi unanifuata mimi tu," alisema siku moja, akalia machozi kabisa, na baba yake akampakata akamwambia kwamba hivyo ndivyo inavyouma, lakini huzoeleka.

Siwema alikua, akawa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mcheshi, asiyeona hata mkono wake bila miwani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umevunjika, na baba yake alikuwa ameufunga kwa uzi wa buluu, kazi mbovu kabisa, yenye fundo kubwa. Siwema alikataa kununua nyingine. Alisema fundo hilo humkuna nyuma ya sikio na kumkumbusha kwamba baba naye hukosea.

*

Wizara ilipoanzishwa, wote walidhani Mwalimu Kibwana atafungwa. Badala yake aliletewa gari. Serikali ilikuwa na maofisa wengi wa kushuku, lakini hakuna hata mmoja aliyejua kushuku kitaalamu, na nchi nzima fundi wa kazi hiyo alikuwa yeye.

Alirudi nyumbani akitetemeka kwa furaha. "Mama Siwema, hebu fikiria! Tangu dunia iumbwe, watawala wamekuwa watu wa hakika. Leo wananiomba mimi niwafundishe shaka. Hakimu mwenye shaka atamnyonga nani? Askari mwenye shaka atampiga nani?"

Bi Mize alikuwa akichagua mchele. "Mimi nafikiria tu huyo mwenye shaka akiwa na bunduki," alisema.

Siwema alicheka mpaka miwani ikamwangukia sahanini. Mwalimu naye alicheka. Lilikuwa kosa la mtu mwema aliyeishi na vitabu: alidhani mtu akiitwaa shaka ya wenye hekima, ataitwaa na huruma yao.

Basi akawafundisha. Fimbo ndani ya maji huonekana imevunjika. Asali ni chungu kinywani mwa mwenye homa. Kila sababu hudai sababu nyingine nyuma yake, na hiyo nayo hudai yake, na hakuna mwisho. Mwenye ndoto hajui kwamba anaota. Maofisa walizikariri hoja hizo wakisimama, kwa sauti moja, kisha wakapewa vyeo: Mshuku Msaidizi, Mshuku, Mshuku Mwandamizi. Juu yao wote alikaa Mshuku Mkuu, Mheshimiwa Badi Msumi, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu chuoni, kijana aliyewahi kula mara nyingi katika meza yake na kuitimiza desturi ya jioni bila kukosa. Kwa utaalamu wake Mwalimu alipewa heshima ya pekee: aliruhusiwa kukaa kimya Jumamosi uwanjani.

*

Ndipo likaja daraja.

Mlezi wa Yakini alikuja mwenyewe kulizindua. Palikuwa na ngoma, zulia jekundu, na utepe uliofungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine kwenye ukingo wa mto. Alikata utepe. Alihutubia kuhusu urefu wa daraja, uimara wake, nguzo zake zinazoonewa wivu na mataifa. Kisha wageni waheshimiwa walilivuka daraja hilo kwa mtumbwi, wawili wawili, wakipunga mikono. Kulikuwa na maji tele, na mamba mmoja aliyelala upande wa pili bila kujua itifaki.

Siwema alikuwa ameleta wanafunzi wake waimbe. Aliwatazama watoto, akautazama mto. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, maana alilelewa kuanza kwa kuyashuku macho yake mwenyewe. Akaivaa tena. Akatazama tena, polepole, kutoka ukingo huu hadi ule. Ndipo aliponyoosha mkono kwa adabu zote akasema, "Samahani, Mheshimiwa. Daraja liko wapi?"

Wanaume wawili walimshika makwapa, wakamtia garini. Kandambili yake moja ilibaki kwenye zulia. Bendi ilipiga wimbo mwingine, na umati mzima ukawa na yakini kwamba hakuna kilichotokea.

*

Kibao cha wizara kiliandikwa: INAONEKANA KUWA WIZARA YA SHAKA. Bawabu alimtazama Mwalimu Kibwana akasema, "Inaonekana umefika," akamfungulia. Alipandishwa moja kwa moja hadi kwa Mshuku Mkuu, maana hapo alikuwa mtu wa heshima.

"Shikamoo, Mwalimu," Badi aliinuka. "Karibu kiti. Kama hicho ni kiti."

"Marahaba. Badi, mwanangu, Siwema yuko wapi?"

Badi alikunja uso wa mtu anayefikiri. "Yuko. Hilo neno zito, Mwalimu."

"Amechukuliwa. Juzi, kwenye uzinduzi."

"Ameonekana kuchukuliwa. Ameonekana na nani?"

"Na umati mzima!"

"Umati mzima huona jua linatembea. Wewe ndiye uliyetuambia."

"Badi, usinifanyie mimi hivyo. Mimi ni baba yake."

"Kwenye ndoto nako watu huwa na watoto, Mwalimu. Huwapenda, huwatafuta, huamka." Badi aligonga meza kwa ncha ya kidole. "Utajuaje?"

Mwalimu alikiangalia kile kidole. Kilikuwa kidole chake. Kituo kifupi kabla ya swali kilikuwa chake, na swali lenyewe lilikuwa lake, alilitunga mwenyewe miaka ile akiwa na nywele nyeusi. Alitafuta jibu, akajua kwamba halipo, kwa sababu alikuwa ameshawaonyesha wanafunzi wote kwamba halipo.

"Nilikufundisha haya," alisema kwa sauti ya chini, "ili usimdhuru mtu."

"Nami sijamdhuru mtu, Mwalimu. Yaani, sina hakika hata kidogo na jambo hilo."

Alirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Kila mara alipokewa kwa heshima. Aliwakuta kwenye ukumbi wa kusubiria akina mama waliokuwa wakiulizia watoto wao, na akawasikia Washuku Wasaidizi, vijana wadogo, wakiwauliza kwa upole kama wana uhakika walizaa. Mama mmoja alikuwa amefungua vifungo vya blauzi kuonyesha kovu la upasuaji tumboni. Ofisa akamwambia kwamba makovu hufanana. Mwalimu Kibwana alitoka nje akatapika kwenye maua ya wizara.

*

Siku moja Badi hakumkaribisha kiti. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kitu akakisukuma juu ya meza bila kukitazama.

"Kitu hiki kinaonekana kama miwani," alisema. "Wizara haijui ni ya nani. Wizara haisemi lolote. Nimeona tu... imeonekana kwangu kwamba ukae nayo."

Mkono mmoja ulifungwa uzi wa buluu. Fundo lilikuwa kubwa, baya.

"Badi," Mwalimu alisema. "Ulikuwa ukila kwangu."

Mshuku Mkuu alimtazama. Kwa muda mfupi ilikuwa kama yule kijana atatokea tena usoni mwake. Kisha akasema, "Inaonekana hivyo," akageukia dirishani.

Bi Mize alipoiona miwani hakupiga ukelele. Aliketi sakafuni pale pale alipokuwa, akaivuta kanga ikamfunika kichwa, akaanza kutikisika. "Mwanangu haoni hata mlango bila hii," alisema. "Wameirudisha kwa kuwa haihitaji tena."

"Ngoja, Mama Siwema. Tusikimbilie." Mwalimu alipiga magoti kando yake, na maneno yakamtoka mengi, ya haraka. Uzi wa buluu huuzwa kila duka. Mafundo mabaya yamejaa duniani. Huenda amepewa miwani mpya. Huenda ameipoteza, huenda wameiokota. Hatujui! Tukubali tu kwamba hatujui! Wazee wa zamani walisema kwamba anayeizuia hukumu yake, asiyesema ndiyo wala siyo, hatimaye huingia katika utulivu. Alikuwa ameyafundisha hayo maisha yake yote. Sasa aliyajaribu kwa nguvu zake zote, na utulivu haukuja. Hakulala, hakula, alikonda. Lakini hakuacha, maana katikati ya ndiyo na siyo alikuwa amemjengea binti yake chumba, na humo ndani Siwema alikuwa hai.

Jioni waliketi mezani na sahani tatu. Miwani ilikuwa kwenye sahani ya Siwema. Bi Mize alitaja jambo lake, mkaa au chumvi, kwa sauti isiyo na kitu ndani. Mwalimu alitaja lake, dogo vilevile. Wote wawili walilizunguka lile moja.

Majirani hawakuja. Walitaka kuja, Mungu awajalie, lakini wizara ilikuwa imetangaza kwamba kifo ambacho haijakithibitisha si kifo, na asiyekufa hafanyiwi matanga. Walipita nje ya mlango wakipunguza mwendo. Mtu aliacha unga kizingitini, mwingine sukari, wakaondoka bila kubisha hodi, kwa kuwa kubisha kungekuwa kama kusema.

Basi jioni moja Bi Mize hakutaja mkaa. "Baba Siwema," alisema, "nikuombe kitu kimoja, cha kwanza tangu unioe."

"Sema, mke wangu."

"Wao wanamshikilia kule kwa shaka yao. Na wewe unamshikilia huku kwa yako. Mwachie. Mtoto amechoka, mwachie alale. Nataka kumlilia mwanangu na siruhusiwi na serikali, na nyumbani kwangu siruhusiwi na wewe."

Mwalimu Kibwana alifungua kinywa. Hoja zilikuja zote, kwa mpangilio, kama zilivyokuja siku zote. Aliziangalia, akafunga kinywa chake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daraja akalia, kwa sauti, mbele ya sahani tatu, na Bi Mize akalia naye.

*

Jumamosi alivaa kanzu yake nyeupe akaenda uwanjani na mkewe. Askari walimpungia kwamba akae jukwaani na wataalamu. Alitikisa kichwa, akasimama kwenye foleni nyuma ya fundi baiskeli. Foleni ilisogea. Nina yakini. Nina yakini. Nina yakini. Kijana wa kipaza sauti alikuwa amelala akiwa wima, maana ni kazi isiyobadilika.

Zamu ya Mwalimu ikafika. Mheshimiwa Badi jukwaani aliinua uso.

"Nina yakini," alisema Mwalimu Kibwana Shegogo.

Kila mtu alidhani amemaliza. Bi Mize alimshika kiwiko.

"Nina yakini kwamba mwanangu Siwema amekufa," alisema. "Sijaiona maiti yake. Siwezi kuwathibitishia. Hoja ya kunipinga ipo, nimeitunga mwenyewe, na ni nzuri. Hata hivyo nina yakini. Nina yakini kwamba mmemuua ninyi. Na nina yakini kwamba pale mtoni hakuna daraja."

Kipaza sauti kilivuma kidogo. Mwongoza shughuli alipekua karatasi zake, hakuona kitu, akasema, "Inaonekana... inaonekana mzee amezungumza. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Bi Msiba, muuza vitumbua wa sokoni, mwanamke mnene mwenye miguu inayouma. Alisogea. Alikishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Alitakiwa aseme maneno mawili, na watu waliona akihangaika nayo, yanapanda, yanashuka.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Pole, Bi Mize."

Akashuka. Akafuata seremala. "Poleni sana. Mungu amlaze pema." Akafuata msichana aliyekuwa mwanafunzi wa Siwema, akasema pole bila kuinua macho. Foleni iliendelea kusogea, ndefu, hadi kwenye lango, na kila aliyefika alitoa pole yake kwenye kipaza sauti cha serikali. Wengine walitaja majina ya watu wao pia, wa nyumbani kwao, ambao hawajaonekana. Askari walitazama jukwaani. Waliokuwa jukwaani wakatazamana, wakishuku kama wanachokisikia kinasikika. Badi Msumi alikuwa ameinama, akiviangalia viatu vyake.

Hivyo ndivyo Siwema alivyofanyiwa matanga, asubuhi kweupe.

*

Mchana Bi Mize alipakua wali mapema kuliko siku zote. Hawakuambiana kwa nini. Aliweka sahani tatu, na kwenye ya tatu ilikuwapo miwani.

"Haya," alisema. "Asubuhi uliamini nini?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Niliamini tuko peke yetu."

Bi Mize aliitikia kwa kichwa. Walikula. Wali ulikuwa na chumvi ya kutosha, na Mwalimu alimwambia mkewe hivyo. Hawakuwa wamemaliza walipousikia mngurumo wa gari ukiingia mtaani, ukipunguza mwendo, ukinyamaza mbele ya nyumba.

"Ni wao?" aliuliza Bi Mize.

Maisha yake yote mtu huyu hakuwahi kujibu swali bila kuligeuza kwanza upande wa pili. "Ni wao," alisema.

Alinawa mikono. Aliichukua miwani, akaikunja mikono yake miwili, ule mzima na ule wa uzi wa buluu, akaiweka kwenye kiganja cha mkewe na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Izike," alisema. "Leo hii, kabla jua halijazama. Na useme jina lake."

Kisha akaenda kufungua mlango mwenyewe, wasije wakauvunja.